QApplication, Mgawa Zamu

Fungua msimbo wa programu yoyote ya madirisha iliyojengwa kwa maktaba ya Qt, uende moja kwa moja kwenye fanksheni ya main, pale ambapo kila programu ya C++ huanzia. Mara nyingi utakuta mistari michache tu. Wa kwanza unaunda objekti ya klasi iitwayo QApplication na kuikabidhi maneno aliyoandika mtumiaji alipoiita programu. Wa pili unaunda dirisha. Wa tatu unaliamuru dirisha lijitokeze. Wa mwisho unasema return app.exec(), na baada ya hapo hakuna kitu. Mwanafunzi anayekutana na mistari hii kwa mara ya kwanza huuliza swali la haki kabisa: sasa programu yenyewe iko wapi? Nani anasikiliza kitufe kikibonyezwa? Nani anajua kwamba dirisha lililokuwa limefunikwa limefunuliwa na sasa linahitaji kuchorwa upya? Nani ataamua kwamba kazi imekwisha?

Jibu la maswali yote ni lile jina la mstari wa kwanza. Klasi hii haichori hata nukta moja ya rangi. Haina umbo kwenye skrini wala mtumiaji wa kawaida hatalisikia jina lake maishani. Kazi yake ni kugawa zamu: kujua nani asubiri, nani asemeshwe sasa, tukio lipi ni la nani, na lini shughuli ifungwe. Nimeisoma, nimeitumia na nimeifundisha, na kila nikiirudia naiheshimu zaidi. Katika ufundi wetu tumezoea kusifu kinachoonekana: rangi zilizopangwa vizuri, vitufe vyenye kona laini, picha zinazoteleza. Nataka kusifu kinachofanya vyote hivyo viwezekane. Kugawa zamu vizuri ni ufundi, tena ni ufundi mgumu, na waliouweka ndani ya klasi moja yenye jina la kawaida kabisa walifanya kazi ya kuigwa.

Ili uzuri wake uonekane, ni lazima kukumbuka hali ilivyokuwa. Aliyeandika programu ya Windows kwa lugha ya C katika miaka ya 1980 aliuandika mzunguko wa kusubiri kwa mkono wake mwenyewe: chukua ujumbe kwa GetMessage, ugeuze kwa TranslateMessage, upeleke kwa DispatchMessage, kisha rudi mwanzo. Ujumbe uliishia kwenye fanksheni moja yenye matawi mengi, tawi la kubonyeza, tawi la kuchora, tawi la kubadili ukubwa, na programu ilivyozidi kukua ndivyo fanksheni ile ilivyozidi kurefuka hadi mwenyewe akapotea ndani yake. Kila mwandishi aliyaandika yale yale aliyoandika mwenzake, na akilikosea jambo dogo tu, dirisha liliganda bila maelezo.

Wazo la kuutoa mzunguko huo mikononi mwa kila mwandishi na kuukabidhi kwa objekti moja lilikua pamoja na programu zinazolenga objekti. Mwaka 1985 kampuni ya Apple ilitoa MacApp, iliyoandikwa kwa Object Pascal, ambamo klasi ya TApplication iliushika mzunguko na mwandishi akabaki na kazi ya kurithi na kujaza yaliyo yake. Kompyuta za NeXT zilitoka mwishoni mwa miaka hiyo zikiwa na klasi ya aina hiyo, ambayo leo wanaoandika programu za Mac wanaijua kwa jina la NSApplication. Microsoft nayo ilileta CWinApp ndani ya maktaba yake ya MFC mwaka 1992. Ni ukoo mmoja wenye wanachama wengi, na ningeweza kumsifu yeyote kati yao. Namchagua wa Qt kwa sababu alizaliwa na mzigo ambao ndugu zake hao hawakuwa nao.

Katika kiangazi cha mwaka 1990, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, vijana wawili wa Norway waliosoma Trondheim, walikuwa wakiandika programu ya kuhifadhi picha za ultrasaundi. Ilitakiwa ifanye kazi kwenye Unix, kwenye Macintosh na kwenye Windows. Siku moja walitoka nje kuota jua, wakakaa kwenye benchi, na Nord akasema kwamba wanachohitaji ni mfumo wa kuonyesha madirisha uliojengwa kwa objekti. Mwaka uliofuata akaanza kuandika klasi zenyewe. Mwaka 1992 Chambe-Eng akaja na wazo la ishara na vipokezi, ambalo mpaka leo ndilo linaloitambulisha Qt. Machi 1994 walisajili kampuni, na tarehe 20 Mei 1995 toleo la kwanza la hadhara likawekwa kwenye mtandao.

Mzigo niliousema ni huu: mifumo hiyo ya kompyuta inasubiri kwa namna tofauti. Kwenye Unix ujumbe wa madirisha huja kupitia muunganisho na seva ya X. Kwenye Windows kila uzi una foleni yake ya ujumbe. Mac ina mzunguko wake wenyewe ambao haupendi kuingiliwa. Nambari za vitufe hazifanani, vipimo vya mahali havifanani, hata maana ya kubofya mara mbili haifanani. QApplication ndiyo iliyosimama mbele ya tofauti hizo na kuzimaliza mlangoni, ili aliye ndani aandike app.exec() na asijue nje kuna hali gani ya hewa.

Tuanze na kusubiri kwenyewe, maana hapo ndipo wengi hudhani hakuna la kusema. Kuna kusubiri kwa kijinga: kuuliza bila kukoma, kuna kitu? kuna kitu? kuna kitu? Programu ya namna hiyo hufanya kazi, lakini kichakato cha kompyuta huchemka, feni hulia, na betri huisha ilhali mtumiaji hajagusa chochote. QApplication haisubiri hivyo. Inapoona foleni yake ni tupu, huangalia kwanza saa zote zilizowekwa ndani ya programu ni ipi italia mapema zaidi, kisha huuambia mfumo wa kompyuta: nilaze mpaka kitu kitokee, au mpaka muda huu ufike, lolote litakalotangulia. Kisha inalala kweli. Dirisha linaonekana liko macho, limetulia mbele ya mtumiaji, na nyuma yake hakuna hesabu hata moja inayofanyika. Muda mwingi wa maisha ya programu ya mezani ni wa hali hii, kwa sababu binadamu anayefikiri kati ya herufi mbili ni mwepesi kwa nafsi yake lakini kwa kompyuta ni karne. Aliyebuni namna ya kuipitisha karne hiyo bila kupoteza chochote amefanya jambo kubwa, na kwa kuwa amelifanya vizuri, hakuna anayeliona.

Sasa tuchukue mbofyo mmoja na kuufuata hatua kwa hatua. Mtu ameweka kishale juu ya kitufe cha Hifadhi, akabonyeza kipanya. Mfumo wa kompyuta unajua tu kwamba kuna kubonyeza mahali fulani, na kwamba dirisha la pale ni la programu fulani. Unaiamsha. Sehemu ya Qt inayozungumza na mfumo huo huzipokea habari hizi zikiwa ghafi na kuzivika umbo moja liitwalo QMouseEvent, lenye nambari ya aina yake: kubonyeza ni 2, kuachia ni 3, kubofya mara mbili ni 4, kama vile kuchora kulivyo 12 na kufunga dirisha kulivyo 19. Kisha hutafutwa wijeti iliyo chini ya kishale, si dirisha zima bali ile hasa, kitufe kilicho ndani ya paneli iliyo ndani ya dirisha. Vipimo vya mahali hugeuzwa ili kitufe kisomewe kuanzia kona yake chenyewe ya juu kushoto, si kona ya skrini. Hapo ndipo inapoitwa fanksheni iitwayo notify.

Kama ningetakiwa kuchagua fanksheni moja ya kuifundisha kwa wiki nzima, ningeichagua hii. Hupokea mambo mawili, mpokeaji na tukio, na matukio yote ya madirisha hupita mikononi mwake. Kwanza huwapa nafasi wachujaji waliowekwa kwa ajili ya programu nzima. Kisha wachujaji waliowekwa kwa mpokeaji huyo peke yake. Kisha mpokeaji mwenyewe. Akilikubali tukio, safari imekwisha. Akilikataa, notify hailitupi. Hulipandisha kwa mzazi wake, na vipimo vikigeuzwa tena ili mzazi asome kwa kipimo chake, kisha kwa mzazi wa mzazi, hadi apatikane wa kulipokea au dirisha lenyewe lifikiwe. Nyaraka za Qt zinataja njia tano ambazo mwandishi anaweza kuingilia safari hii, kuanzia ile ya kila siku ya kuandika upya mousePressEvent ya wijeti moja hadi ile ya mwisho kabisa, ya kurithi QApplication na kuiandika upya notify yenyewe. Kila njia ina ukubwa wake na kila moja imeachiwa nafasi. Hakuna aliyefungiwa nje, na hakuna anayelazimishwa kuingia ndani zaidi ya haja yake.

Kuna jambo dogo katika mbofyo huu ambalo nalipenda kuliko yote. Kitufe kikibonyezwa hujichora kimezama, lakini hakitangazi kwamba kimebofywa mpaka kidole kiachie, tena kiachie kishale kikiwa bado juu yake. Aliyebonyeza kwa bahati mbaya anaweza kukivuta kishale pembeni, akaachia huko, na lisitokee lolote. Ni rehema ndogo ambayo sote tumewahi kuitegemea bila kuifikiria. Inawezekana kwa sababu QApplication hukumbuka ni nani aliyepokea kule kubonyeza, na humpelekea yeye huyo kuachia pia, hata kama kishale kimeshahamia juu ya wijeti nyingine. Bila kumbukumbu hiyo, kitufe cha kwanza kingebaki kimezama milele kikisubiri habari zilizopelekwa kwa jirani.

Si matukio yote yanayotoka nje. Mengine huzaliwa ndani ya programu, na hapa klasi yetu imeweka tofauti iliyo wazi kati ya kupeleka na kuweka foleni. Kwa sendEvent tukio hufikishwa papo hapo, na aliyelipeleka husubiri jibu. Kwa postEvent tukio huachwa kwenye foleni na aliyeliacha huendelea na shughuli zake; tangu hapo tukio si mali yake tena, ni mali ya foleni, na foleni ndiyo itakayolifuta. Hata uzi mwingine wa programu, unaofanya hesabu ndefu mbali na madirisha, unaruhusiwa kuweka tukio humo bila hofu ya kugongana na wengine.

Na foleni hii ina busara. Tuseme jedwali limebadilika, na sehemu mia za msimbo, kila moja kwa nia njema, zimeiambia wijeti ile ile ijichore upya. Maombi hayo hayawi michoro mia. Huunganishwa, na zamu ikifika wijeti huchorwa mara moja, ikiwa na hali ya mwisho. Au tuseme kidirisha kinataka kujifuta kikiwa katikati ya kushughulikia mbofyo uliokifunga. Kikijifuta papo hapo, fanksheni inayoendelea itakuwa imesimama juu ya kitu kisichokuwepo, na programu itaanguka. Kwa hiyo kuna deleteLater: ombi la kufutwa huingia foleni, fanksheni zote zilizokuwa zikiendelea hurudi salama, na ndipo kidirisha huondoka. Aliyeandika hayo alijua kwamba mengi yanayovunja programu si mabaya kwa asili yake. Yamefanywa tu kabla ya wakati wake.

QApplication inajua pia mkono wa binadamu ulivyo. Ndani yake kuna thamani chache za kuanzia ambazo mfumo au mtumiaji anaweza kuzibadilisha, na kuzisoma ni kama kusoma maelezo ya daktari mwangalifu. Kwenye X11, yaani ule mfumo wa X wa Unix, mibofyo miwili ikitofautiana kwa chini ya milisekunde 400, ni mbofyo mmoja wa mara mbili. Kishale kikisogea chini ya pikseli 10 huku kipanya kimebonyezwa, huko si kuburuta, ni kutetemeka kwa mkono tu. Kubonyeza kukidumu milisekunde 500, huenda mtu anakusudia kuburuta. Gurudumu la kipanya likizungushwa hatua moja, maandishi yasogee mistari 3. Thamani hizi hazikuachwa zitapakae kwenye kila wijeti, kila mwandishi akibuni za kwake. Zimewekwa mahali pamoja, ili mzee mwenye mkono mzito azirekebishe mara moja na programu nzima imwelewe.

Lugha nayo imewekwa humo humo. Mwandishi akiyapitisha maandishi yake ya Kiingereza kwenye fanksheni ya tr, mfasiri anaweza kuyatafsiri kwenye faili la pembeni bila kugusa msimbo, kisha programu ikafungiwa faili hilo kwa installTranslator. Yakifungwa mafaili kadhaa, lililofungwa mwisho hutafutwa kwanza, na neno lisilopatikana humo hutafutwa kwenye yaliyotangulia. Tafsiri ikibadilishwa programu ikiwa inaendelea, madirisha yote hupelekewa tukio la kuyaarifu kwamba lugha imebadilika, ili yajiandike upya. Kwa lugha zinazoandikwa kutoka kulia, kama Kiarabu, amri moja ya setLayoutDirection hugeuza mpangilio wa madirisha yote. Kwa sisi tunaotaka Kiswahili kiwe lugha ya kazi kwenye kompyuta na si ya salamu tu, mlango huu uliwekwa na watu wa mbali ambao hawakulazimika kutufikiria, nao umebaki wazi. Kilichobaki ni sisi kuyaleta mafaili.

Ipo kanuni moja kali. QApplication lazima iundwe kabla ya wijeti yoyote, na iwe moja tu. Ukijaribu kuunda wijeti kabla yake, programu hufa hapo hapo ikiwa na ujumbe unaosema kwamba ilipaswa kuundwa kwanza. Ni kama msimamizi wa shughuli ya harusi, ambaye hufika kabla ya mikeka kutandikwa na huondoka baada ya sufuria ya mwisho kuoshwa, na ambaye wakiwa wawili wenye amri sawa wageni hulala njaa. Najua kuna waalimu wanaokataza objekti moja ya kufikiwa kutoka kila kona ya programu, na kwa sehemu kubwa wana haki. Nami huwakataza wanafunzi wangu. Lakini hapa upekee huo ni ukweli wa mambo yenyewe. Mtumiaji ana kibodi moja, kishale kimoja, na herufi anayoiandika sasa inakwenda mahali pamoja tu. Klasi inayosimamia vitu ambavyo ni kimoja kimoja ina haki ya kuwa moja.

Kwa huduma zote hizi, QApplication hudai adabu moja kutoka kwa kila mwandishi: ukipewa zamu, irudishe upesi. Fanksheni yako ikiitwa kwa sababu kitufe kimebofywa, fanya lililo lako na urudi. Ukikaa humo sekunde thelathini ukisoma faili kubwa, hakuna atakayechorwa, hakuna atakayesikika, na mfumo wa kompyuta utamwambia mtumiaji kwamba programu haijibu. Kosa hili halina dawa ndani ya klasi. Hakuna mgawa zamu anayeweza kumnyang'anya zamu aliyeishika kwa mikono miwili. Dawa iko kwa mwandishi: ipeleke kazi nzito kwenye uzi mwingine na uweke matokeo kwenye foleni, au ikate vipande vidogo na uifanye kipande kwa kipande, mzunguko ukipumua katikati. Nimekuja kuamini kwamba hapa ndipo mafunzo makubwa zaidi ya klasi hii yalipo. Inamfundisha mwandishi kwamba hayuko peke yake ndani ya programu yake mwenyewe.

Kurithiwa kwake kunaonyesha jambo lingine la kusifu. QGIS, programu huria ya ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ina klasi yake kuu iitwayo QgsApplication, ambayo ni mtoto wa QApplication. Mtoto huyu anajua mambo ambayo mzazi hayajui: faili za mfumo wa majira-nukta ziko wapi, vyanzo vya data za ramani hupakiwaje, alama za ramani zimehifadhiwa wapi. Ameiandika upya notify ili hitilafu ikitupwa mahali popote wakati wa kushughulikia tukio idakwe pale na mtumiaji aelezwe, badala ya programu nzima kuanguka na ramani yake. Hata anayeandika hati fupi ya Python bila dirisha lolote huanza kwa kuunda QgsApplication na kuiambia kwamba haihitaji skrini, kisha huita initQgis, na akimaliza huita exitQgis.

Naitaja QGIS kwa sababu imefanya kazi kwetu. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora ramani za maeneo yanayofurika, mitaro, nyumba na njia ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote, na QGIS ilikuwa miongoni mwa zana zao. Mwanafunzi aliyeketi na kompyuta akiuchora mfereji mmoja, nukta baada ya nukta, hakuwa na sababu ya kujua kwamba kila mbofyo wake ulipita kwenye notify. Ila kama mbofyo mmoja ungepotea njiani, au mmoja ungefika mara mbili, mfereji ungekwenda upande usiokuwa wake. Uaminifu wa zana huanzia chini huko.

Klasi hii haikubaki kama ilivyozaliwa, na namna ilivyobadilika ni sehemu ya sifa zake. Katika Qt 4, iliyotoka mwaka 2005, waundaji walitambua kwamba kusubiri na kugawa zamu hakuhitaji dirisha. Programu ya seva isiyo na skrini nayo ina foleni, ina saa, ina matukio. Wakaitoa sehemu hiyo na kuiweka kwenye QCoreApplication. Katika Qt 5, mwishoni mwa mwaka 2012, wakakata tena: QGuiApplication ikabeba kipanya, kibodi, skrini na madirisha, na QApplication ikabaki na yale yanayohusu wijeti tu. Ngazi tatu, kila moja ikirithi iliyo chini yake. Klasi kuu ya programu ndiyo mahali rahisi kuliko pote pa kutupia kila kitu kisichokuwa na kwao, na nyingi za ukoo huu zimenenepa kwa njia hiyo. Kuipunguza klasi iliyokuwa ikitumika kote duniani, huku mistari ile michache ya main ikiendelea kufanya kazi, kunahitaji mkono uliotulia.

Hata kuondoka kwake kumepangwa. Katika matoleo ya kwanza, mwandishi aliiambia programu ni dirisha lipi lililo kuu, na hilo likifungwa yote yalikwisha. Baadaye ikaonekana kwamba watu hufungua nyaraka nyingi zilizo sawa na hakuna iliyo kuu kuliko nyingine, kwa hiyo kanuni ya kawaida sasa ni kwamba programu huisha dirisha la mwisho likifungwa. Dirisha lenyewe halifungwi kwa nguvu. Huulizwa kwa tukio, na likiwa na barua ambayo haijahifadhiwa linaweza kukataa na kumuuliza mtumiaji kwanza. Mtu akiizima kompyuta, programu hupewa nafasi ya kuokoa kazi yake. Kisha hutolewa ishara ya aboutToQuit, kila mwenye faili lililo wazi hulifunga, exec hurudi na nambari, na fanksheni ya main, iliyokuwa imesimama kwenye mstari wake wa mwisho muda wote huo, humaliza sentensi yake.

Msimbo wa Qt uko wazi, na kila anayejifunza anaweza kuusoma. Ningependa vyuo vyetu vinavyofundisha kupanga vitufe kwenye dirisha vitenge pia siku chache za kuisoma notify, kuufuata mbofyo kutoka kwenye mfumo wa kompyuta hadi kwenye wijeti na kurudi, na kujaribu kuandika mzunguko mdogo wa matukio kwa mkono. Atakayelifanya zoezi hilo ataanza kuandika tofauti. Ataacha kuuliza programu yake itafanya nini na ataanza kuuliza itasubiri vipi, itamwachia nani nafasi, na ikikatizwa itarudi wapi. Tukitaka kupima kama mwandishi wa programu amekomaa, tusiishie kwenye madirisha yake yanavyopendeza. Tuangalie fanksheni zake zinarudisha zamu upesi kiasi gani.